Siku Niliyoipa Kwaya Nzima Presha

Nilipokabidhiwa mkoba wa mhudumu wa afya ya jamii, niliuvaa hata nilipotoka kununua maziwa. Ndani mlikuwa na kipimajoto, mizani ya watoto na mashine ya kupima presha. Mume wangu, ambaye ni dereva wa lori, aliniuliza kama nitalala nao. Nikamwambia bado nafikiria.

Sista, muuguzi wa kituo cha afya aliyetufundisha, alikuwa ametuambia jambo moja lililonilewesha. Presha haina dalili, alisema. Mtu anaweza kutembea nayo miaka mingi akijiona mzima, kwa hiyo kazi yetu si kungoja wagonjwa waje. Ni kuutafuta ugonjwa kwa wale wanaojiona wazima. Tangu siku hiyo kila mzima niliyekutana naye mtaani kwetu Makongeni, Eastlands ya Nairobi, nilimtilia shaka.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na mazoezi ya kwaya kanisani. Naimba sauti ya pili. Mwalimu wetu wa kwaya ni mchongaji wa vinyago kutoka Ukambani, mtu mkali ambaye hacheki ovyo, na siku hiyo alituchezesha wimbo mmoja na ngoma zake mpaka mashati yakalowa. Alipotupa mapumziko tu, nikafungua mkoba.

Wa kwanza alikuwa jirani yangu anayeuza mboga soko la Muthurwa. Presha juu. Wa pili, juu. Nilipofika kwa mtu wa nane karatasi za kuwatuma kituo cha afya zilikuwa zimeisha, nikawa naandika nyuma ya nakala za nyimbo. Mzee mmoja wa sauti ya nne alimpigia mkewe simu akamwambia asitie chumvi kwenye sufuria. Kina mama wawili walianza kuomba. Mwalimu peke yake alikataa kupimwa.

"Mimi siumwi," alisema. "Pima hao wanaoimba nje ya ufunguo."

Nikampigia sista.

"Sista, kwaya nzima ina presha."

"Kwaya nzima?"

"Kumi na wanane, Sista."

"Walikuwa wakifanya nini kabla hujawapima?"

"Wakiimba."

"Wameketi?"

"Wakicheza. Na ngoma."

Nilimsikia akiiweka simu kando na kucheka mbali nayo, kwa heshima. Kituo kiko karibu, kwa hiyo alikuja mwenyewe. Wala hakunigombeza mbele ya watu. Aliwaeleza tu kwamba mwili uliotoka kucheza lazima damu yake iende mbio, na kwamba mtu hupimwa akiwa ametulia: miguu chini, mgongo umeegemea, mkono juu ya meza, dakika tano bila kusema neno.

Dakika tano bila neno, kwa kwaya ya Eastlands. Dakika ya pili jirani yangu alitoa kamlio kadogo puani, yule wa pembeni akamwangalia, na benchi zima likaporomoka kwa kicheko. Tukaanza upya. Mara ya pili ni mimi niliyeharibu, nikiwa nimeshika mashine. Machozi yalinitoka, mbavu zikaniuma, nikamwona sista naye amegeukia ukuta mabega yakimcheza. Mwishowe aliwatenganisha, sauti ya kwanza mbele, ya nne nyuma kabisa, na kila mtu akaagizwa kutazama sakafu.

Mmoja baada ya mwingine, presha zikawa sawa. Kina mama walitaka kupiga vigelegele lakini sista akawakataza, maana bado wengine walikuwa hawajapimwa, kwa hiyo tulifurahi kwa kupunga mikono hewani kimyakimya kama watu wazima waliorukwa na akili. Sijawahi kuwa na furaha kama ile. Nilikuwa nimewapa watu kumi na wanane ugonjwa na kuwaponya kabla ya chakula cha mchana.

Alibaki mwalimu. Akakubali ili tu mazoezi yaendelee. Alikaa ametulia kama gogo. Sista akasoma mashine, akahamia mkono wa pili, akangoja, akasoma tena. Ilikuwa juu, tena juu sana.

"Lakini mimi sikucheza," mwalimu alisema polepole. "Nilisimama tu."

"Ndiyo maana nakuomba uje kituoni," sista akamjibu. "Kipimo cha siku moja hakitoshi. Tutarudia Jumatatu."

Nilijua hataenda, kwa hiyo Jumatatu asubuhi nilimfuata nikamsindikiza. Njiani aliniambia jambo ambalo hakuwahi kulisema kwenye kwaya: kaka yake alianguka akiwa kazini, patasi mkononi, na hakuinuka tena. Watu walisema ni kurogwa. Hakuna aliyewahi kumpima.

Vipimo vilirudiwa siku hiyo na siku nyingine mbili, na presha ilikuwa ileile. Alipewa dawa, akaambiwa apunguze chumvi, na nikamwona akihesabu moyoni nyama zote alizowahi kuchovya kwenye chumvi pale soko la nyama choma la Burma. Nilimwonea huruma. Kisha tulipotoka nje akasimama, akanitazama.

"Kwa hivyo ungengoja niugue, tungekuwa tumechelewa."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akacheka. Kicheko kirefu, cha mtu aliyeponea chupuchupu, na mimi nikaambukizwa, tukacheka barabarani watu wakitupisha.

Hakuelekea nyumbani. Alinipeleka hadi kwenye karakana yao, walikoketi wachongaji wenzake tisa katikati ya vumbi la mbao, akawaambia waweke patasi chini na wakunje mikono ya mashati. Mmoja akaniuliza kama inauma.

"Inabana kidogo tu," nikasema, nikavuta kigoda nikakaa.