Jiwe Juu ya Pipa

Dawa ya meno yenye mnanaa huwaamsha watu asubuhi. Mimi hunichoma mkono wa kushoto. Nikifungua tyubu mpya tu, kabla hata mswaki haujalowa, ngozi inakaza kutoka kwenye kiwiko mpaka kiganjani, na ghafla nina miaka saba tena, nimesimama peke yangu katikati ya chumba chetu kimoja pale Voi.

Tulikuwa wawili tu, mimi na mama. Baba alikuwa Taveta kwa shughuli zake, na shughuli hizo hazikuwa na simu. Mama alifua mashuka katika gesti moja karibu na stendi, akitoka alfajiri na kurudi jioni vidole vimekunjamana kama maharagwe yaliyolowekwa. Shule zikifungwa nilibaki nyumbani kutwa nzima, mlango umerudishwa, na onyo la kutotoka kwenda kuzurura. Sikuhitaji kuonywa. Hata leo mtu akinialika harusi nauliza kwanza kama nitarudi mapema.

Mama alikuwa na msemo wake: "Ajali haipigi hodi." Basi naye aliizibia kila pa kuingilia. Kisu kilining'inia kwenye msumari karibu na dari. Kiberiti kilikaa ndani ya mkebe wa kakao juu ya kabati, pembeni ya thamosi ya chai ya jioni. Mafuta ya taa hayakutiwa kamwe kwenye chupa ya soda. Vidonge vilikuwa kwenye kikapu kilichofungwa kambani, na pipa la maji lilikuwa na mfuniko, na juu ya mfuniko jiwe, jiwe la haja, lile ambalo mama mwenyewe alilinyanyua kwa mikono miwili akiguna. Mali zetu zote ziliishi juu. Huku chini tulibaki mimi, mkeka, ndoo tupu, na kikombe cha plastiki chenye chai aliyoniachia, ambayo kufika saa nne ilikuwa imepoa kama maneno ya jana.

"Siku utakayoumia humu ndani, Mghoi," aliniambia, "nakupeleka Mghange kwa nyanya yako. Siwezi kufua mashuka ya watu na roho imebaki huku."

Mghange sikuichukia. Kule milimani kuna ukungu, parachichi, na nyanya anayekulisha mpaka uombe msamaha. Lakini kule mama hakuwepo. Kwa hiyo nilijilinda kama yai.

Siku yenyewe haikuwa na kitu cha ajabu. Joto tu, na mabati yakilia ta, ta. Nilikuwa nimeshaongea na ukuta, nikaongea na miguu yangu, nikaona kwamba ningependa kunywa chai na mtu. Si lazima awe mtu kweli. Nikapanga vikombe viwili kwenye mkeka, kimoja changu, kimoja cha mgeni. Mgeni hupewa chai ya moto, hilo hata mtoto anajua. Nikageuza ndoo tupu juu chini, nikapanda, nikanyoosha mkono hadi kwenye thamosi.

Mengine mnaweza kuyamalizia wenyewe. Kizibo hakikuwa kimekazwa. Chai iliteremka mkononi mwangu kama yenye haraka ya kwenda mahali.

Nilikimbilia pipa. Nikasukuma jiwe kwa mkono mmoja, nikasukuma kwa bega, nikasukuma kwa kichwa, naona aibu kuwaambia lakini ni kweli. Halikutikisika. Kitu pekee cha ubaridi nilichoweza kukifikia kilikuwa dawa ya meno dirishani, na si kila mtu mtaani alisema inatuliza moto? Nikajipaka nusu ya tyubu. Kisha nikafuta chai, nikarudisha vikombe, na ili Mghange isinipate, nikavaa sweta nzito ya buluu aliyonifumia nyanya kwa ajili ya baridi ya Mghange.

Mama alinikuta nimekaa wima kwenye mkeka, jasho likidondoka puani.

"We, unaumwa?"

"Hapana. Nasikia baridi."

"Baridi ya wapi? Kuku wenyewe huko nje wanahema midomo wazi!"

Alinusa. Sweta yenye harufu ya mnanaa si jambo la kila siku. Alipovuta mkono wa sweta nikapiga yowe, na alinibeba mgongoni hadi zahanati bila kufunga mlango, yeye aliyefunga kila kitu.

Nesi alikata sufi iliyogandia ngozini, taratibu. "Dawa ya meno ni ya meno," alisema. "Ungemwagia maji ya kawaida tu, muda mrefu, yangekusaidia."

Mama akanigeukia. "Kwani maji hukuyaona, mwanangu?"

"Jiwe ni zito, mama."

Alinibeba tena mgongoni. Alitembea kwa haraka njia nzima, nami nikajua nimemuudhi. Jumamosi akanipandisha Mghange, akaniacha na nyanya, akashuka bila kugeuka. Nilikaa huko miaka miwili. Nilijiambia ni adhabu ya thamosi, na nikaona ni kubwa mno kwa chai ya vikombe viwili.

Krismasi ya kwanza niliporudi kusalimia, jiwe halikuwepo. Kisu kilikuwa palepale juu, lakini kando ya mlango, chini kabisa, palikuwa na ndoo ndogo imejaa maji safi, imefunikwa sahani nyepesi, na kikombe changu cha plastiki juu yake. Nilidhani mama amekuwa mvivu wa kuchota kwenye pipa. Haikunijia kuuliza ndoo hiyo ilikuwa ya nani, katika nyumba aliyokuwa akiishi peke yake.

Sasa naishi peke yangu mimi, Voi hiihii. Mtoto sina, na kwa jinsi ninavyopenda kukaa ndani, hao wa kuja watalazimika kubisha hodi wenyewe. Kisu changu kiko kwenye msumari. Na kila asubuhi, nikishapiga mswaki, najaza ndoo ndogo kando ya mlango.