Ngoma Yangu, Violini ya Bibiche

Enzi zetu katuni hazikupiga domo. Wenye umri wangu hapa Kisangani mnajua: mbwa alipanda ngazi bila kusema neno, na kila kidato kilikuwa na sauti yake. Akiteleza, filimbi inashuka naye. Akianguka, ngoma, pum! Muziki ulisema yote. Leo vikaragosi vinabwata kwenye simu toka asubuhi, na ukimwambia mtoto akuimbie alichosikia, anakukodolea macho.

Televisheni mtaani ilikuwa moja, ya Papa Amisi, fundi cherehani. Jumapili baada ya misa tulijazana uani kwake, Waislamu na Wakristo, mikate ya mafuta ikitulowesha vidole, harufu ya samaki wa kubanika ikitoka jikoni kwa mkewe. Tuliomba maporomoko ya Tshopo, yanayotuletea umeme, yatuhurumie. Wapi! Katikati ya filamu, tik, kioo cheusi. "Courant imeenda!"

Lakini Papa Amisi hakuruhusu mtu aondoke. Filamu iliyoanza lazima iishe, basi tuliimalizia kwa mdomo. Faustin, kaka yangu, alikuwa tarumbeta. Bibiche, binti wa jirani, alikuwa violini, na violini ndiyo iliyobeba wimbo wenyewe. Mimi nilikuwa ngoma, kwenye sufuria. Na ole wako udokoe sehemu ya mwenzako! Papa Amisi alikuvuta sikio: "Mutu moja, chombo moja! Violini iko ya Bibiche. Weye piga ngoma yako." Kwa hiyo sikuthubutu kuuimba ule wimbo, hata nilipokuwa peke yangu naoga mtoni. Nilikuwa mtiifu, mjinga mimi.

Televisheni ilikufa, Papa Amisi akafuata. Faustin tulimzika.

Mwaka huu kitu kimenishika: nataka niusikie ule wimbo mzima, mara moja tu, kabla sijafa. Nimeutafuta kwenye simu ya mjukuu wangu. Katuni za zamani zimejaa humo, mbwa wengi, ngazi nyingi, lakini wetu hayumo. Nagonga meza, pum, pum-pum. Pale violini inapoingia napajua kabisa. Nangoja, na hakuna kitu. Inaniuma, jamani, inaniuma sana.

Wiki iliyopita nikasikia Bibiche yuko Lubunga, ng'ambo ya mto. Nikavuka kwa pirogi, moyo ukinidunda kama wa kijana anayekwenda kuposa. Binti yake alinipokea, akanipa kiti, akaniambia mama yake alizikwa mwezi uliopita. Nililia palepale, mzee mzima. Kisha nikaomba sufuria, nikaigonga, nikamwuliza kama aliwahi kumsikia mama akiimba juu ya mdundo huo.

"Eh, ile!" Uso wake ukafunguka. "Alikuwa anaiimba kila siku akipika."

"Niimbie basi, mwanangu. Kidogo tu."

"Sijue, tonton. Tulikuwa tunamuambia anyamaze, tusikie telefone."

Sikumlaumu. Nimlaumu vipi, mimi niliyeketi karibu na Bibiche miaka yote ile nikashika ngoma tu? Kwenye pirogi ya kurudi walikuwamo vijana wanne, wote wameziba masikio kwa vile vidude vyao, kila mmoja na muziki wake kamili, mwanzo hadi mwisho. Hawamhitaji mtu. Sisi hakuna aliyekuwa na wimbo mzima, ilitubidi tukutane, na nilidhani tutakutana siku zote.

Jioni mjukuu wangu aliniomba nimpigie katuni yangu. Nikachukua sufuria: pum, pum-pum. Nikanyamaza pale pa violini, kwa mazoea.

Alisubiri, masikini, kichwa ameinamisha. "Iko yote tu, koko?"

Nikamwambia ndiyo, ni yote.