Hakubonyeza Yeye

Mke wangu alikuwa mpiga chapa. Alianza na mashine ya taipu, ile ya chuma yenye kengele, akaishia kwenye kompyuta. Katikati hapo ilipita miaka thelathini na sita. Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma. Shule sikwenda. Herufi alinifundisha yeye, ukubwani, kwa chaki juu ya bati la geti nililokuwa natengeneza. Kwa hiyo ninachoandika hapa ni kazi yake pia. Makosa ni yangu.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja mkabala na mahakama. Meza nilimtengenezea mimi, miguu ya bomba la mraba. Mtu akileta mkataba wa nyumba apigiwe chapa, mke wangu alimsomea wote kwanza, hata kama mwenyewe ana haraka.

"Mama, we piga tu. Nina gari linanisubiri."

"Litasubiri. Hapa panasema mwenye nyumba anaweza kukutolea vyombo nje bila kukwambia. Umepaona?"

"Sijapaona."

"Basi kaa."

Hakimu mmoja alimpa jina la Mama Nukta, kwa sababu alimrudishia hukumu iliyokosa nukta moja. Jina likaganda. Hata barua zilikuja hivyo.

Mimi ni kinyume chake. Maisha yangu yote karatasi imeletwa mbele yangu na nikaoneshwa pa kuweka dole. Nikaweka. Asiyesoma hakatai karatasi. Anaona aibu kuuliza, maana akiuliza wote watajua. Mke wangu alikuwa akinitania: "Wewe ukiletewa hati ya kunyongwa utauliza tu, niweke dole la kushoto au la kulia?" Nilikuwa nacheka.

Akaugua figo. Akafunga ofisi. Kompyuta nikaihamishia nyumbani, juu ya meza ya kulia chakula, akawa anapiga kazi ndogondogo. Uso ulivimba, macho yakapungua nguvu. Alikuwa anainama mpaka pua inakaribia kugusa skrini. Nikimwambia apumzike ananijibu, "Nimalizie ukurasa huu."

Asubuhi moja alizidiwa, akalazwa. Binti yetu, ambaye ni mwalimu mji mwingine, alikuja siku hiyohiyo akakaa kando ya kitanda chake. Mimi nikarudi nyumbani kuchukua shuka na kandambili. Nilipopita mezani nikaiona kompyuta. Nikasema moyoni, akirudi akute herufi kubwa, afurahi.

Kuiwasha nilijua. Kutafuta kitu kwenye intaneti alinifundisha pia. Nikaandika kwa kidole kimoja: programu ya kukuza herufi bure. Ikaja orodha. Ya juu kabisa ilikuwa na kitufe kikubwa. Nikakibonyeza. Ikaniuliza jambo kwa lugha nisiyoijua. Nikabonyeza chini kulia, mahali ambapo saini huwekwa. Ikauliza tena. Nikabonyeza. Ikauliza kama mara sita hivi. Niliona ni heshima, kuulizwa namna ile.

Herufi zilikua kweli.

Alitoka hospitali siku ya tisa. Akakaa mezani, akaangalia skrini, akaniangalia mimi.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi."

"Wewe? Mwenyewe?"

"Kwani mikono yangu ya kuchomelea tu?"

Akanishika shavu. Sikumbuki mara nyingine aliponishika shavu mchana kweupe.

Ndipo matangazo yakaanza. Kwenye kona ya chini, katikati ya barua, na kurasa zikijifungua zenyewe bila kuguswa. Viatu, michezo ya bahati nasibu, wanawake nusu uchi. "Baba watoto," akasema, "umenifungulia soko humu ndani." Alijaribu kuiondoa ile programu, ikarudi. Akajaribu tena. Nguvu hakuwa nazo. Nikamwambia aiache tu, herufi zinamsaidia. Akaiacha, kwa ajili yangu.

Siku moja tuliiuliza kompyuta mgonjwa wa figo ale nini. Kesho yake matangazo yote yakawa ya figo. Bibi mmoja anatabasamu, kopo la unga mkononi, na maneno: Figo zako hazijafa. Ukifungua hiki, yupo. Ukifungua kile, yupo.

"Imejuaje?" nikamuuliza.

"Mashine haijui kitu. Kuna watu wanasoma tunachoandika."

"Basi watu hao wanatujali."

"Wanatuuzia," akasema.

Niliagiza. Kopo likaja kwa pikipiki, na karatasi ndani. Aliisoma yote, pande mbili, ameishikilia karibu na dirisha.

"Hapa panasema nisichanganye na dawa za hospitali."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo ni moja au nyingine. Nimechoka kusoma, mume wangu. Chagua wewe."

Nikachagua kopo.

Alikunywa siku kumi na tisa, makopo matatu. Ya ishirini hakuamka.

Daktari nilimfuata baadaye. Nikamweleza. Akasema ugonjwa ulikuwa mkubwa, lakini vidonge vingempa muda. Nikamuuliza muda gani. Akasema, "Sijui, mzee. Muda."

Tulipomaliza mazishi binti yangu alifagia chumba, akakuta makopo matatu chini ya kitanda. Akawasha kompyuta, yule bibi akatokea anatabasamu. Akanijia uani.

"Baba, nani aliweka takataka zile?"

Nikajibu: "Mama yako ndiye aliyekuwa anatumia mashine."

Hakuna neno la uongo hapo ukiyatazama maneno moja moja. Naye hakuuliza zaidi. Nani angedhani mimi naigusa kompyuta?

Akawaambia mama zake wakubwa wawili na mama yake mdogo. Habari ikazunguka. Nikiwa nimekaa sebuleni kwangu, kikombe mkononi, nilimsikia shemeji yangu mkubwa akisema jikoni: "Mtu aliyewasomea mikataba mji mzima, kashindwa kusoma kopo! Kajiua mwenyewe kwa ujuaji." Nikanywa chai yangu. Mtaani wakaacha kusema Mama Nukta kwa heshima. Wakawa wanasema wakicheka kidogo. Miezi minne nilinyamaza.

Likizo ya shule binti yangu akaja kuichukua kompyuta, aitumie kutunga mitihani. Akaita fundi aisafishe kwanza. Fundi huyo wanamwita Bisibisi. Ni mtu mzima mnene, miwani ameipandisha kwenye paji la uso, na kila dakika anaitafuta.

"Shikamoo mzee. Mgonjwa yuko wapi?"

Kisha akakumbuka nyumba aliyoingia. "Samahani sana, mzee wangu. Ni mdomo tu."

"Yuko mezani," nikasema.

Akawasha. Kabla kiti hakijapata joto, matangazo manne.

"Hivi ni virusi, fundi?" binti yangu akauliza.

"Si virusi, dada. Virusi huvunja mlango. Hizi ni programu za matangazo, hizi zilikaribishwa. Mtu kabonyeza ndiyo." Akachomoa waya wa intaneti. "Kwanza tuwanyime simu, wasiitane."

Akafungua orodha ya programu zote zilizomo. Akazipanga kwa tarehe ya kuingia.

"Ona wanavyosafiri hawa. Huyu hapa kikuza herufi ndiye mgeni mwenyewe. Hawa watano amewabeba mgongoni. Wote siku moja."

Akaanza kuwatoa. Mmoja alitoa ukurasa wa kumsihi asiondolewe, wenye vitufe viwili.

"Huu ndio ujanja wao," akasema Bisibisi. "Kitufe kikubwa ni cha kumbakiza. Cha kumtoa ni hiki cha kijivu, hata mwenye macho anakikosa. Wengi wanafika hapa wanabonyeza kikubwa, halafu wananiambia fundi, hii kitu imegoma kutoka."

Akaingia kwenye kivinjari, yaani ile programu ya kufungulia kurasa za intaneti. Akang'oa viongezi vilivyojibandika humo, akarudisha ukurasa wa mwanzo wa zamani. Akafuta ruhusa ya kurusha taarifa. Yule bibi wa kopo alikuwa anapita hapo. Akapitisha programu ya kusaka mabaki, akazima, akawasha, akaipitisha tena.

"Kusafisha ni kazi ndogo. Kazi ni wasirudi," akamwambia binti yangu. "Ukitaka programu, ifuate kwa aliyeitengeneza. Usichukue tovuti ya kwanza iliyojitokeza juu, mara nyingi ile imelipiwa ikae pale. Wakati wa kuiweka chagua njia ndefu, ile inayokuonesha visanduku. Utavikuta vimeshawekwa tiki. Toa tiki zote. Tovuti ikiomba ikutumie taarifa, kataa. Na usipoelewa inachouliza, funga. Hakuna polisi atakayekuja kukuuliza kwa nini umefunga."

"Mama alikuwa anayajua haya," binti yangu akasema. "Sijui ilikuwaje."

"Labda macho, dada. Alitaka herufi kubwa tu, masikini. Na cha ajabu kukuza herufi kumo humuhumu." Akashika kitufe kimoja cha pembeni, akabonyeza na kile cha kujumlisha. Herufi zikakua. Akabonyeza tena, zikajaa skrini. "Unaona? Hakukuwa na haja ya kuleta kitu chochote kutoka nje."

Niliinuka nikasimama mlangoni. Nilitaka upepo.

Nyuma yangu binti yangu akauliza, "Wale watano waliingia tarehe ngapi?"

"Nimeshawatoa. Ngoja, rekodi ipo." Akaishusha miwani machoni. "Hii hapa. Tarehe kumi na nne, mwezi wa pili."

"Soma tena."

"Kumi na nne."

"Tarehe kumi na nne ndiyo siku aliyolazwa mama. Nilikuwa nimekaa naye wodini. Nilikuwa namlisha supu kwa kijiko."

Niligeuka. Bisibisi alikuwa ameivua miwani, anaifuta kwa shati, na haikuwa chafu. Binti yangu ananitazama. Nitasema ukweli wote: hata hapo uongo ulinijia. Nilimfikiria jirani mmoja ambaye ameshahama, nikakaribia kumtaja. Mdomo ulishafunguka.

"Ni mimi," nikasema. "Niliweka mimi. Kopo niliagiza mimi. Aliniambia nichague, nikachagua mimi. Hakubonyeza kitu yeye."

Bisibisi akakusanya vifaa vyake taratibu. "Mashine ni safi, mzee," akasema. Akatoka, akaufunga mlango kama mtu anayefunga mlango wa wodi.

Binti yangu hakulia. Afadhali angelia.

"Baba, nimemsema mama yangu miezi minne."

"Najua."

"Nimemsema kwa ndugu zake. Hapa, ndani ya nyumba hii. Nawe umekaa unasikiliza."

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mimi?"

Nilimwogopa yeye, ndiyo. Nimebaki na yeye tu. Niliogopa akijua hatakuja tena, nami nitabaki na meza na vitanda viwili. Nikaona marehemu hatanuna. Hivyo ndivyo nilivyofanya: nilimtwika mke wangu mzigo wangu kwa sababu alikuwa amelala.

Binti yangu akachukua simu, akatafuta namba, akaweka sauti ya nje, akaiweka mezani mbele yangu.

"Nampigia mama mkubwa. Utasema mwenyewe."

"Mwanangu, ngoja kwanza."

"Nimengoja miezi minne bila kujua kwamba nangoja."

Simu ikapokelewa. "Haloo! Mwalimu wetu huyo! Umefika salama?"

"Nimefika, mama. Baba ana neno."

"Shemeji? Ehe, sema shemeji, nakusikia. Hujambo?"

Nikasema. Maneno yalikuwa machache, hayakuzidi haya niliyoandika juu ya ile siku ya shuka na kandambili. Nilipomaliza tulisikia redio ya nyumbani kwake inaimba, kisha tukasikia anaizima.

"Shemeji," akasema, "mimi nilimsema jikoni kwako. Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

"Ukaendelea kunywa chai."

"Ndiyo."

Hakunitukana. Alisema tu, kwa sauti ndogo, "Mdogo wangu. Mdogo wangu jamani," si kwangu wala kwa binti yangu, na simu ikakatika.

Binti yangu aliiangalia skrini ya simu mpaka ikajizima. Akaiwasha. Mama zake walikuwa wamebaki wawili. Akanisogezea kiti changu karibu zaidi na meza, akatafuta namba ya wa pili, na ikaanza kuita.