Marehemu Aliye Mstari wa Kwanza

Nilikuwa kwenye kaunta ya chuo kimoja cha kompyuta hapa Kitale, nikingoja barua yangu ichapishwe, mwanafunzi mmoja akamwita mwalimu.

"Mwalimu, imeandika mtu mwingine tena. Na kesho mtahini anakuja."

Kila alipofungua faili mpya katika programu wanayojifunzia, kisanduku kilimuuliza jina lake. Aliliandika vizuri. Faili ikatoka na jina la marehemu ndugu yake mwalimu, ambaye enzi za uhai wake ndiye aliyeiweka programu hiyo kwenye kompyuta zote.

Mwalimu aliingia kwenye mipangilio, akalifuta lile jina, akahifadhi, akafungua faili nyingine. Ndugu yake huyo hapo, mstari wa kwanza.

"Ni kasoro ya programu tu, bana."

Mwanafunzi, mama wa makamo kutoka Kamukuywa, alivua miwani. "Ule mtoto wako bado analia usiku?"

"Analia."

"Mlimpatia jina gani?"

"Ya babu ya mama yake."

"Si unaona? Kwetu marehemu akitaka mtoto aitwe jina lake, huyo mtoto halali usiku." Akaelekeza kidole kwenye kioo. "Huyu anaomba, na wewe unamfuta."

Mwalimu aliondoa mkono kwenye kipanya, akaupangusa kwa suruali.

Juzi nilipita tena. Mama alipita mtihani. Jina lake aliliandika kwa kalamu kwenye karatasi iliyochapishwa. Mtoto wa mwalimu amepewa jina la baba yake mdogo, yule marehemu, na nasikia analala. Mimi si mtaalamu, sina maoni. Kuna toleo jipya la programu, lisilo na kasoro ile.

Mwalimu amekataa kuliweka.