Ukurasa Ulioshonewa Kitambaa

Mwaka ule karatasi ilikuwa adimu Bujumbura. Nchi jirani zilikuwa zimetuwekea vikwazo, na daftari moja lilibeba masomo mawili: kurasa za kushoto biolojia, kurasa za kulia Kifaransa. Hakuna mwalimu aliyetupangia hivyo. Tulirithishana mtindo huo wenyewe, darasa kwa darasa, katika shule yetu ya sekondari kule Ngagara. Kitabu cha hadithi kilikuwa kimoja tu, cha mwalimu wa Kifaransa. Alikisoma polepole, sisi tukanakili. Kabla ya Pasaka nilikuwa na riwaya karibu nzima kwa mwandiko wangu, kila ukurasa ukiwa na chura, figo au jani mgongoni mwake.

Nyumbani, Nyakabiga, niliisoma kwa sauti barazani huku mama akishona. Kifaransa cha vitabuni hakukijua, kwa hiyo nilimtafsiria sentensi kwa sentensi. Alasiri moja tulifika mahali ambapo jirani anagonga langoni, anamwita mwenye nyumba kwa jina, anamwomba akamsaidie kusukuma gari. Mwenye nyumba anavaa viatu, anatoka. Harudi.

Cherehani ikanyamaza. Nilidhani uzi umekatika. Mama alikuwa ameweka kiganja juu ya gurudumu, macho yake kwenye lango letu la bati. Baba alitoka kwa lango lile mwaka wa kwanza wa vita, ameitwa na jirani aliyetaka kuazima jeki. Tangu hapo mama hakuwahi kulizungumza. Nami mistari ile niliinakili nikiwazia nukta na mikato tu. Sikujua kwamba ingeweza kusimamisha mashine.

Nikamwambia kwamba wiki itakayofuata ni zamu yangu kusimama mbele ya wenzangu na kuueleza ukurasa huo.

Kesho yake alivaa kitenge chake cha kanisani, tukaenda pamoja kwa mkurugenzi wa shule. Hakukaa muda mrefu. Alisema: "Mutoto wangu hatasimama kueleza sababu gani ule mwanaume alifungua mulango."

Mkurugenzi alimsikiliza kwa adabu. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na msingi: darasani tulikaa watoto wa pande zote mbili za vita, na alichokiomba kila asubuhi ni siku ipite salama. Mama aliomba niachwe nje kwa saa moja. Mkurugenzi akapiga marufuku kitabu kizima. Akamnyang'anya mwalimu nakala yake, kisha akaagiza madaftari yote yaletwe ofisini, kurasa za hadithi zikatwe kwa wembe.

Akaanza na la kwanza lililokuwa juu ya rundo. Ukurasa ulipotoka, ulitoka na moyo wa binadamu mgongoni, vyumba vinne vyote, mishipa imepakwa nyekundu na buluu. Mtihani wa taifa ulikuwa umekaribia, na hatukuwa na kitabu kingine cha biolojia isipokuwa madaftari yale. Mwenye daftari alilia pale pale. Mkurugenzi akaweka wembe mezani, akasema wazazi waje Jumamosi waamue.

Wazazi walijaa. Mzee mmoja wa Ngagara, mtumishi wa serikali aliyestaafu, alisema kitabu kichomwe, shule ifundishe hesabu. Mama mmoja muuza sabuni akamjibu kwamba watoto walishayaona hayo kwa macho, kitabu hakina cha kuwaficha. Watu wakapandishiana sauti. Hatimaye mkurugenzi akamgeukia mama yangu, akamkumbusha kwamba ni yeye aliyekuja kulalamika.

Mama alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, ikabidi chumba kizima kinyamaze.

"Mi nilikuja kusemea mutoto wangu. Batoto ya batu, mi sijabasemea."

Akachukua daftari langu kutoka kwenye rundo la mkurugenzi, akafungua mkoba, akatoa sindano na kipande cha kitambaa cha buluu kilichobaki kwenye majoho ya kwaya. Akakilaza juu ya ukurasa ule mmoja, akakishona ukingo wa juu peke yake, kikaning'inia kama pazia dirishani. Akageuza karatasi awaonyeshe mgongo: figo ilikuwa pale pale, nzima, na alama ndogo za uzi juu yake.

Yule mzee akamchokoza: "Mama, juzi ulituletea wembe, leo unatuletea sindano?"

Watu walicheka. Mama alikata uzi kwa meno.

"Wembe si yangu, papa. Sindano ndiyo yangu."

Ikakubaliwa hivyo. Kitabu kilirudi kwa mwalimu, madaftari yakarudi kwetu, na mzazi ambaye hakutaka ukurasa fulani angeufunika mwenyewe, kwa mwanawe tu. Saa ya ukurasa ule nilikaa nje, mgongo ukutani. Nilisoma figo zangu.

Nilitarajia hakuna mwingine atakayekuja na daftari. Siku chache baadaye, cherehani ikiwa katika mwendo wake, lango la bati liligongwa. Mimi na mama tulitazamana. Mama ndiye aliyeinuka kufungua.

Alikuwa yule mzee wa Ngagara. Amekuja kwa miguu, kofia mkononi, daftari la binti yake kwapani. Hakutania. Mama alimpa kiti, akatafuta kitambaa cha buluu, akauliza ni ukurasa gani.

"Ni ule ule, mama," akasema.

Mama akakilaza kitambaa juu yake. Akatunga uzi.