Noeli ya Mabenchi ya Fedha

Hadithi hii siisimulii mbele ya watu wa mtaa wetu wa Kadutu, maana wao walikuwepo na kila nikijaribu kuipunguza wananisahihisha, lakini nyinyi ni marafiki, chekeni tu, aibu yenyewe nimeshaizoea.

Mwaka ule nilirudi Bukavu kutoka Kolwezi (kabla ya Kolwezi ilikuwa Kalemie, na kabla ya Kalemie msiniulize), na miguu yangu hii isiyojua kutulia ikakubali kupumzika kwa maman mpaka Noeli. Maman alifurahi hata akaomba kitu ambacho hakukiomba tangu papa afariki: shirika letu, yaani ile jumuiya ndogo ya Wakatoliki wa avenue yetu, lije kusali kwake alasiri ya mkesha, halafu wote watoke pale kwenda misa. Tena safari hiyo wamaman wa shirika letu ndio waliopewa kupeleka matoleo altareni, na wote walikuwa wameshona kikwembe kimoja, kitenge cha bluu nzito kama ziwa kabla ya mvua. Mimi maman aliniambia neno moja tu: "Nyumba ikuwe safi. Wasiseme mujane hana mutu."

Mwenye akili angefagia akanyamaza. Mimi nikamkumbuka papa. Alikuwa anakusanya mwaka mzima zile karatasi za kung'aa za ndani ya pakiti za sigara, anazikata nyota, anazifunga kwenye tawi la msipresi, na kandili ikiwashwa sebule nzima inametameta, sisi watoto tunakaa midomo wazi. Nikasema mng'ao ule nitaurudisha, ila kwa kipimo cha mtu aliyetembea dunia. Nikanunua kopo la rangi ya fedha, ile ya kupaka mageti, na kakopo ka dhahabu. Nikapaka madirisha, mlango, vyungu vya maua, hata kibuyu cha maman cha maziwa nilikipitishia brashi, na nilipofika kwenye mabenchi ya wageni rangi ikawa inaisha na imekuwa nzito kama uji. Muuzaji alikuwa ameniambia ikizidi uzito nirudi kuchukua dawa yake ya kuilainisha, lakini njia ya dukani ni kilima, na vilima vya Bukavu mnavijua, na nyuma ya nyumba kulikuwa na kibidoni cha mazutu, ile dizeli ya jenereta. Nikamimina mazutu. (Mkasa ulizaliwa hapo, mengine yote ni watoto wake.)

Asubuhi ya mkesha nikagusa benchi, kidole kikatoka kinang'aa kidogo, nikajiambia jua litamaliza kazi. Jua gani, Bukavu, Desemba? Mvua ilishika tangu saa sita, wamaman wakafika wamejikunyata chini ya miavuli, umeme hakuna, tukawasha mishumaa, na ile fedha ikaanza kucheza ukutani kama zamani, na kila aliyeingia alisimama kwanza mlangoni akisema kwa Maman Nabintu leo iko kama kwa askofu. Maman alikaa benchi ya mbele, mgongo umenyooka, na sijawahi kumwona amekaa hivyo. Nikajisikia mtu.

Walikaa rozari nzima. Waliposimama kwa wimbo wa mwisho nikasikia sauti ndogo, kama plasta inabanduliwa kwenye kidonda, benchi baada ya benchi, na nilipoinamisha mshumaa nikaona mbao tupu, mahali pawili pawili, pametoka safi.

Sasa niambieni, utawaambiaje wamaman waliokuogesha ukiwa mtoto wakaguane makalio? Nilimsogelea Maman Nsimire, kiongozi wa shirika, nikaanza, "Maman, ile bikwembe yenu..." Akanikata. "Tumeshajua tunang'aa, papa. Wanaume mutangulie na miavuli, sisi tunafuata na nyimbo."

Tukatangulia. Kanisani jenereta ilikuwa inafanya kazi vizuri kuliko siku zote. Wakati wa matoleo wakaingia safu mbili, wakicheza polepole, vikapu kichwani, mbele yao padri na nyuma yao kanisa lote, na kila maman amebeba nyuma miezi miwili ya fedha juu ya bluu. Maman yangu, kwa kuwa benchi yake niliipaka ya mwisho, yake ilikuwa imejaa kabisa, na kila hatua inashika taa. Kicheko kilianzia milangoni kikaja mbele kama mvua inavyokuja juu ya mabati. Mimi nilikuwa nasoma kitabu cha nyimbo kichwa chini.

Maman aliweka kikapu, akageuka, akamwona mwenzake kwa nyuma, akajipapasa, akatazama kiganja chake. Kisha akanitafuta katika watu wote wale, na akanipata. Nilingoja akimbilie sakristia. Akainua mikono akarudi akicheza, mara mbili ya alivyokwenda.

Nje, wamaman walikuwa wamenizunguka tayari, Maman Nsimire amekunja mwavuli wake kwa namna ambayo sikuipenda, ndipo msichana wa shirika lingine akaja kuuliza kwa heshima, "Maman Nabintu, hii kikwembe ya fedha munanunuaga wapi?"

Wote wakamtazama maman.

"Inatoka Kolwezi," akasema. "Mutoto wangu ndiye alituletea."

Maman Nsimire alikohoa, akafungua mwavuli, akacheka mpaka akaushikilia ukuta wa kanisa, na wengine naye. Kesho yake nilifua vikwembe vyote mimi mwenyewe, uani, mbele ya avenue nzima. Harufu ya mazutu ilitoka, fedha ilikataa.

Wakati nafua, maman alileta kiti akakaa (alikipapasa kwanza). Akasema, "Papa yako alipambaga na karatasi ya sigara tu. Hakuna mutu aliibeba mpaka kwa altari."

Brashi sijashika tena, na sitashika. Ikifika Novemba, popote nilipo, mimi nisiyevuta naanza kuomba wavutaji karatasi zao za ndani, wananitazama vibaya, namwambia maman kwa simu kwamba niko njiani, naye haulizi safari ikoje. Anauliza, "Mu mufuko yako muko nini?"