Cheti Kilichonilinda Mimi Peke Yangu

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kuandika majina ya vitu kwenye stoo ya Makambako, miaka michache baada ya vita vya pili vya Wazungu. Nilitoka Mdandu na elimu ya shule ya misheni, mwandiko mzuri na ujinga mwingi. Stoo ilikuwa jengo refu la mabati pembeni ya njia panda, na kila kilichotoka Iringa kwenda Njombe kilipitia hapo: sepetu, misumari, saruji, chumvi, unga wa vibarua wa barabara, mapipa ya dawa ya josho la kuogeshea ng'ombe. Mzungu msimamizi alikaa ofisini mwake na jiko la mkaa. Stoo yenyewe iliendeshwa na mzee mmoja Mbena kutoka Lyamkena.

Nilimwita Baba, naye aliniita mwanangu. Alikuwa ametunza stoo za jeshi wakati wa vita, huko Burma, na alirudi bila karatasi yoyote ila kovu shingoni. Hakujua Kiingereza cha kuandika. Lakini ungemwamsha usingizini ukamuuliza turubai zimebaki ngapi, angekuambia, na zipi zina matundu. Yeye ndiye aliyenifundisha kupanga magunia yasiguse ukuta, kutoa kwanza kilichoingia kwanza, kulisikia gunia kwa kiganja kama limeingia unyevu. "Karatasi inasema mia," aliniambia, "lakini karatasi haina macho. Hesabu wewe."

Kisha ikaja amri kwamba kila stoo ya serikali itashikwa na mtu mwenye cheti. Msimamizi alituita wawili tukasimama mbele ya meza yake. Aliniuliza mimi kama niko tayari kwenda kusoma miezi sita. Yule mzee hakuulizwa kitu. Niliitika haraka mno, na hadi leo naona haya nikikumbuka jinsi nilivyoitika bila hata kugeuka kumtazama.

Niliporudi na cheti changu kwenye bahasha ya kaki, nilimkuta amesimama mlangoni na funguo. Nilimsalimia, "Kamwene, Baba." Hakuitika. Alizitupa funguo ndani ya pipa la misumari lililokuwa karibu, akasema, "Chukua. Umesomea."

Nilizichokoa wapagazi wakinitazama. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Tangu siku hiyo jina langu likawa Bwana Cheti. Nikisema gunia lipelekwe kulia, lilipelekwa kulia taratibu kama maiti, na nilipogundua limewekwa vibaya nilikuwa nimekwisha kuchelewa. Nikiuliza swali, walijibu, "Sisi hatukusoma." Mzee sasa alikuwa mpagazi kama wao, ila hakuna aliyebeba kitu kabla yeye hajatikisa kichwa.

Nami nilikuwa na hasira yangu. Sitasema uongo kwamba nilikuwa mnyonge mwema. Nilibandika kanuni ukutani kwa Kiingereza, nikijua hawezi kuzisoma. Siku moja alipopanga sabuni juu ya magunia ya sukari nilimwambia mbele ya watu, "Hapa si Burma." Akazishusha sabuni moja moja.

Tuliishi hivyo toka kiangazi mpaka mvua.

Katikati ya masika lori liliingia kutoka Iringa likiwa limetapakaa tope hadi kwenye kioo. Nilikuwa ofisini natengeneza ripoti ya mwezi ambayo msimamizi aliitaka siku hiyo hiyo, kwa hiyo nilihesabu mzigo kwa kuchungulia dirishani, magunia arobaini ya unga na mapipa sita, nikatia sahihi. Asubuhi yake nilikwenda kuandaa unga ule uende Lupembe, kwenye kambi ya vibarua wa barabara. Barabara ilikuwa imekatika kwa mvua hadi jana yake, na watu wale walikuwa siku ya pili wanakula maharage matupu.

Kwenye magunia ya chini niliona doa, pana kama sinia, la rangi ya chai iliyochacha. Nikainusa ile sehemu, nikakumbuka sura nzima niliyofundishwa kuhusu dawa ya josho: ni sumu, haina ladha ya kumwonya mtu, na haisafirishwi katika lori moja na chakula. Nikayaendea mapipa ya dawa yaliyokuja na lori lile. Moja lilikuwa limepasuka kwenye mshono. Dereva alikuwa ameyapakia juu ya unga njia nzima.

Mzee alikuwa ameegemea nguzo akinitazama.

"Baba, umeliona hili?"

"Nimeliona tangu jana, tulipokuwa tunashusha."

"Mbona hukuniambia?"

"Mwenye cheti ni nani hapa?"

Nilipaza sauti. "Kuna watu wangekula!"

"Wasingekula," alisema. "Lori lisingetoka hapa nikiwa hai. Nilitaka tu kuona kama utaona."

Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, mkono wangu ulikunja ngumi. Badala yake nikaenda kwa msimamizi nikamwambia unga hauwezi kwenda.

Msimamizi alikuja stoo na koti la mvua, akalitazama doa, akasema ni maji ya mvua. Nikamwambia si maji. Akasema basi yatolewe magunia yenye doa, mengine yaende. Nikamwambia yamekaa pamoja njia nzima yakitikiswa na lori, na kanuni inasema mzigo wote uzuiwe hadi upimwe.

"Nani aliyekufundisha kunibishia?"

"Ninyi mlionituma kusoma, Bwana."

Uso wake ukawa mwekundu. Alikuwa amekwisha kuahidi Njombe kwamba unga utafika siku hiyo; ahadi yake ndiyo iliyomuuma, wala si vibarua. Akaichukua fomu ya kutolea mizigo, akamgeukia mzee.

"Wewe ulifanya kazi hii miaka mingi kabla ya huyu. Weka dole gumba hapa, lori liondoke."

Nilidhani nimekwisha. Hapa ndipo, nikasema moyoni, atakapopata funguo zake, na mimi nitakuwa nimestahili.

Mzee hakuipokea fomu. Alilifungua gunia moja safi, lisilo na doa, akachota unga kiganjani, akanyoosha mkono mpaka karibu na kidevu cha msimamizi.

"Kula wewe kwanza, Bwana. Ukimaliza, naweka dole."

Mvua peke yake ndiyo iliyokuwa ikisema juu ya mabati. Msimamizi aliupiga ule mkono, unga ukaruka ukatuangukia sote. Kisha akanyoosha kidole mlangoni.

Mzee alijifuta kiganja kwenye suruali, akachukua koti lake la zamani la jeshi, akatoka. Nilimfuata hadi uani. "Baba, asante," nilisema.

"Asante ya nini? Sikukutetea wewe. Mimi sipeleki sumu kwa watu, basi."

Mimi nilipewa onyo la maandishi. Yeye alifukuzwa siku ile ile. Tulikataa jambo moja, kwa sababu moja, mbele ya mtu yule yule, tena yeye aliliona siku moja kabla yangu. Nilipokwenda kuomba arudishwe, msimamizi alinijibu bila kuinua macho: "Wewe umesomeshwa, kukufukuza ni hasara. Yule ni mtu wa kubeba tu." Bwana mifugo alikuja kutoka Njombe, akapima unga, akathibitisha kwamba una sumu. Tuliufukia kwenye shimo nyuma ya stoo. Katika barua iliyokwenda juu, iliyopitia mikononi mwangu niinakili, msimamizi aliandika kwamba sumu ile aliigundua yeye mwenyewe wakati wa ukaguzi wake.

Niliinakili. Neno kwa neno, kwa ule mwandiko wangu mzuri.

Watu huniuliza kwa nini sikuacha kazi. Sina jibu la kujivunia. Nilikuwa na mke mjamzito, nilikuwa na cheti, na nilikuwa nimeshaona mtu asiye nacho anavyotendewa. Nimewasikia wengi wakisema karatasi haina maana, kazi ni mikono. Hao sijui waliwahi kusimama wapi. Karatasi ile ndiyo iliyonifanya nijue yale ni mauti, wala si maji ya mvua, na ndiyo iliyonibakiza kazini. Lakini anayesema kwamba asiye na karatasi hajui kitu, huyo nikikaa naye meza moja chakula hakinishuki.

Miaka ilipita, msimamizi akaondoka, akaja mwingine, nami nikapewa kazi ya kuchagua watu wa kwenda kusoma. Kanuni sasa ziliruhusu mtihani wa Kiswahili. Nilichukua fomu ya kwanza, nikaijaza mwenyewe isipokuwa mahali pa jina, nikaenda nayo Lyamkena pamoja na mke wangu.

Tulimkuta ameketi nje kwenye jua la asubuhi na kiko mdomoni, amekonda. Alikuwa amebeba magome ya miti ya miwati kwenye shamba la Wazungu mpaka mgongo ukakataa. Alimwitikia mke wangu salamu, akamuuliza habari za watoto mmoja mmoja, akamkaribisha kigoda. Mimi nilibaki nimesimama.

Nilimweleza. Mtihani ni wa Kiswahili, wa kuulizwa kwa mdomo, hakuna swali ambalo hakunifundisha yeye mwenyewe. Nikamnyooshea fomu kwa mikono miwili.

Aliipokea. Aliigeuza huku na huku, akaikunja kwa urefu vizuri kabisa, pembe kwa pembe. Kisha akaiingiza kwenye makaa yaliyokuwa miguuni pake, akasubiri ishike moto, akawashia kiko.

"Mama," alimwambia mke wangu, "mkiondoka, pitieni njia ya juu. Ya chini ina utelezi."